Mbezi Ziko Mbili

(Maneno niliyowaambia vijana wa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, wiki moja kabla hawajapanda basi kwenda Dar es Salaam. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu, akanihimiza niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka.)

Assalaam aleikum. Mbona mmeitikia kama mmefunga? Assalaam aleikum! Naam. Na wenzetu wengine, habari za jioni.

Mwenyekiti, mama zangu mliowahi mlangoni penye upepo, na nyie vijana mliokaa nyuma mkidhani sitawaona. Mwenyekiti amenitambulisha hapa kuwa ni mzee anayeijua Dar. Nianze kwa kumsahihisha, kwa heshima zote. Mie Dar sikuwa naijua. Nilikuwa naijua stendi ya Dar. Miaka ishirini na mbili nimeshika mlango wa basi, Tanga kwenda Dar, Dar kurudi Tanga. Muheza, Hale, Segera, Mkata, Wami, Msata, Chalinze, Mlandizi, Kibaha. Mke wangu anasema hata usingizini nashusha abiria. Lakini nikifika Ubungo, enzi hizo stendi iko Ubungo, nahesabu mizigo, nakula, nalala ndani ya gari, alfajiri nageuza. Miaka ishirini na mbili nimesimama mlangoni mwa nyumba ya watu, sijawahi kuingia sebuleni.

Sasa niwape kisa changu, maana kilichonileta hapa ni hicho.

Nilikuwa nimeshaacha kazi. Binti wa dada yangu anaolewa, anakaa Mbezi. Akanipigia: "Mjomba, panda gari la asubuhi, ukifika Mbezi nipigie." Mie nikacheka moyoni. Tangu 2021 stendi ya mikoani imehamishwa Ubungo, iko Mbezi yenyewe, pale Kituo cha Magufuli. Nikasema hii kazi imekwisha, nikishuka kwenye basi nimeshafika harusini.

Nikashuka. Simu imezima chaji, maana njia nzima kutoka stendi yetu ya Kange nilikuwa natazama mpira. Nimevaa kanzu yangu, nina kikapu cha machungwa ya Muheza, nimesimama. Akaja kijana, mchangamfu, mkono tayari uko kwenye kikapu: "Mzee wangu, unakwenda wapi?" Nikamwambia Mbezi. Akanitazama. "Mzee, hapa ndipo Mbezi."

Hapo ndipo pa kusema: mwanangu, mie mgeni, hebu nisaidie. Maneno hayo hayana uzito hata wa kilo moja. Lakini mie, konda mstaafu wa njia hiyo hiyo, nimwambie mtoto kama huyu kuwa mimi mgeni? Nikakunja uso, nikasema: "Najua. Nakwenda Mbezi ya mbele."

Mbezi ya mbele! Mnacheka. Naye alicheka, lakini kwa ndani. Akasema, "Ahaa, ya mbele, naijua," akaniingiza kwenye teksi ya mwenzake. Gari likaondoka. Baada ya muda nachungulia dirishani naona Kibamba. Jamani, mie Kibamba naijua! Ndiyo njia niliyokuja nayo asubuhi ile. Narudishwa Tanga! Na mnajua nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilikuwa nimeshasema najua. Nikakaa kimya mpaka dereva mwenyewe akaona huruma, akasimama, akaniuliza, "Mzee, wenyeji wako walikwambia karibu na nini?" Tukachomeka simu kwenye chaji yake, tukampigia binti. Akasema, "Mjomba, Mbezi Beach! Njia ya Bagamoyo! Kituo cha Africana!"

Mbezi ziko mbili, ndugu zangu. Mbezi Luis, yenye stendi, iko Barabara ya Morogoro. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo. Baina yao kuna safari kamili, na foleni zake. Nilifika usiku, pilau limebaki ukoko, nimelipa shilingi 45,000. Na nauli ya basi kutoka huku Tanga ilikuwa chini ya hapo.

Ile 45,000 sikumlipa dereva. Niliilipia aibu. Ndiyo maana mwenyekiti aliponiambia njoo uwaambie vijana jinsi ya kwenda Dar na pesa kidogo, nikaona sina haja ya kuwaletea bei. Bei mtazikuta, na zinabadilika. Ninachotaka mjue ni kwamba wengi niliowarudisha Tanga mifuko mitupu, wanaoniomba niwasitiri niwape kiti cha nyuma kwa mkopo, hawakuliwa na bei za Dar. Waliliwa na kuona haya kuuliza.

Tuanzie nyumbani, kabla ya Kange.

Sisi watu wa Ngamiani tumedekezwa. Barabara zetu zina namba. Mtu akikwambia barabara ya kumi na mbili, ukijua kuhesabu umefika, tena kwa baiskeli. Dar haiendi hivyo. Dar mtu anaelekezwa kwa kituo cha daladala na kitu kilicho karibu: kanisa, msikiti, kisima, baa, mti. Kwa hiyo mwenyeji wako akikwambia "njoo Sinza" usikubali. Mwambie: kituo gani nishukie? Nikishuka nivuke barabara au nisivuke? Karibu na nini? Uandike kwenye karatasi. Karatasi, mwanangu, usiniambie iko kwenye simu, simu yangu mie mmeshasikia habari zake. Na namba mbili za simu za watu wawili uziandike hapo hapo.

Na umuulize mwenyeji wako pia jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: yuko upande gani wa jiji? Kwa sababu basi likifika Msata lina njia mbili. Linaweza kunyoosha Chalinze, Kibaha, likakushusha Mbezi Luis. Linaweza kukata kushoto kupitia Bagamoyo, likatokea Bunju na Tegeta. Mwenyeji wako akiwa Tegeta au Mbezi Beach, halafu ukapanda la Chalinze, utazunguka jiji kuja kumfuata, na kila mzunguko ni nauli. Uliza ofisi ya basi pale Kange kabla hujakata tiketi: mnapita wapi? Hilo swali ni la bure, na mie ninavyowajua makonda, wanapenda kuulizwa. Unawapa cheo.

Saa ya kuondoka. Tangu 2023 serikali iliporuhusu mabasi kutembea usiku, vijana mmependa gari za usiku. Mnasema unalala njiani, unaokoa hela ya gesti. Sikatai. Lakini umepanda saa tatu usiku, unashushwa saa tisa, Mbezi, hakuna daladala ya maana, begi mgongoni. Hapo utaokoa nini? Utapanda bodaboda kwa bei atakayotaka yeye, au ukae benchi ukumbatie begi mpaka asubuhi. Mgeni apande gari la alfajiri. Unafika jua liko juu, unaona unakokwenda, na unaonekana na watu. Wakati mwingine kuonekana na watu ndiyo ulinzi wenyewe.

Ukishuka stendi, usiende popote. Kaa. Nunua chai, kaa. Wale vijana wanaokimbilia mlango wa basi, wapiga debe na wabeba mizigo, si kwamba wote ni wabaya, nimefanya nao kazi, wengine ni waungwana kuliko sisi tulio humu ndani. Lakini wanakula kwa haraka yako. Ukikaa dakika kumi unakunywa chai wanakuacha, wanajua huyu si wa leo. Kisha uliza. Na mie kanuni yangu ni hii: muulize aliyekaa, usimuulize anayekufuata. Mama wa vitumbua, fundi viatu, muuza vocha mwenye meza. Yule kesho atakuwepo pale pale, hawezi kukudanganya halafu akahama na meza yake. Anza na salamu. Watoto wa siku hizi mnaanza na "oya, Kariakoo wapi?" Mwambie shikamoo mama, mie natoka Tanga. Atakuelekeza mpaka mahali pa kukanyaga.

Daladala sasa. Hapo ni kwetu, niruhusuni nijidai kidogo. Ubavuni na kifuani mwa gari imeandikwa inakotoka na inakokwenda. Soma zote mbili, kisha bado uliza, kwa sababu konda akiona foleni anaweza kukatisha njia. Vituo vingine vina majina mawili: utaambiwa panda la Mawasiliano, mwenzake anaita Simu 2000, ni pale pale. Posta ziko mbili pia, Posta Mpya na Posta ya Zamani, ila hizo ziko karibu, ukikosea unatembea. Kaa karibu na mlango, si nyuma. Mwambie konda unakoshuka, halafu mwambie na mama uliyekaa naye, kwa sababu konda anasahau, na hili nasema kwa ushahidi, lakini yule mama hasahau. Nauli iwe mkononi na iwe ndogo ndogo. Ukitoa noti ya elfu kumi saa moja asubuhi konda ataishika, atakwambia chenji baadaye, nawe utashuka umesahau. Sijasema mie nilifanya hivyo.

Simu usiiweke kwenye sikio la dirishani gari likiwa kwenye foleni. Basi.

Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, ni rafiki wa maskini. Tangu lilipoanza 2016, njia ya Kimara kwenda Kivukoni na Gerezani imeokoa watu masaa. Gerezani ndiyo mlango wa Kariakoo. Ila mkienda kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, mvua ikipiga sana bonde la Jangwani hujaa maji, Mto Msimbazi unafurika, na barabara pale hufungwa. Wenyeji wakiamka na mvua swali la kwanza ni hilo: Jangwani kunapitika? Nawe uliza hivyo hivyo. Utaonekana mwenyeji bila kudanganya.

Teksi za kwenye programu, Bolt na wenzake, nasikia mnazo simuni. Nzuri. Hata kama hupandi, itazame bei inayokuonyesha, kisha ndiyo uongee na bajaji. Bodaboda patana kabla hujapandisha mguu. Ukishapanda, bei ni yake.

Haya. Kulala. Hapa nitakaa kidogo, kina mama mtanisaidia.

Wengi wenu mnakwenda kwa ndugu. Kwa shangazi, kwa kaka, kwa mtu aliyewahi kukaa na babu yako Chumbageni. Mnasema, mie malazi bure. Ndugu yangu, hakuna malazi ghali kama ya bure. Dar watu wamepanga chumba na sebule, umeme ni wa LUKU, unaununua kabla hujautumia, na maji mahali pengine ni ya ndoo. Wewe umekuja, unaoga mara tatu kwa joto, feni inazunguka usiku kucha, unachaji simu na ya rafiki yako. Shangazi hasemi kitu. Anacheka, anakuongezea mchuzi. Lakini siku ya nne utasikia sufuria zinavyowekwa jikoni, zinaanza kuzungumza. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mjini hakuna shamba, jembe lenyewe ni LUKU. Siku ya pili, kabla hajasema mtu, toka nje, nunua umeme wa elfu tano, rudi useme, "Shangazi, nimeona mita inakaribia kuisha, namba za kuingiza hizi hapa." Basi. Hapo unaweza kukaa hata wiki mbili, na siku ya kuondoka atakufungia chakula cha njiani.

Na usiende mikono mitupu. Machungwa, nazi, samaki mkavu. Nilipokuwa kazini nilikuwa naweza kutambua atakayepokelewa vizuri kwa kutazama buti la gari tu.

Asiye na ndugu, kuna gesti. Magomeni, Manzese, Sinza, Kariakoo, zimejaa. Ukiambiwa chumba ni "self" maana yake choo na bafu viko ndani. Bila self ni rahisi zaidi. Omba uone chumba kabla ya kulipa. Washa feni. Fungua bomba. Tazama kitasa kinafunga, tazama neti ina matundu mangapi. Muulize mhudumu mwisho wa kutoka ni saa ngapi, kwa sababu ukizidisha wanakuhesabia siku nyingine, halafu unaanza kugombana mapokezi na begi kichwani. Mabinti, nendeni wawili wawili, na msichukue gesti yenye baa chini yake, hata ikiwa nafuu. Hela utaokoa, usingizi hutapata.

Kula sina mengi. Mnajua kula. Mama ntilie yupo kila mtaa, wali maharage, ugali dagaa. Kaa palipo na madereva wengi. Dereva hali chakula kibovu, ana safari. Ukitaka kujifurahisha jioni, nenda Coco Beach ukale mihogo ya kukaanga na pilipili, uitazame bahari. Ni ile ile ya kwetu Raskazone, ila kule watu wanaipiga picha.

Sasa yupo kijana kaniuliza mlangoni: mzee, na matembezi je, pasipo hela? Yapo. Kuna pantoni la kwenda Kigamboni, pale Feri. Nauli ilipanda kutoka shilingi 100 hadi 200 mwaka 2012, watu wakalalamika kweli kweli, lakini mie sijaona mahali pengine unapoliona jiji lote la Dar kutoka majini kwa bei kama hiyo. Panda, vuka, rudi. Pale pale pana soko la samaki. Nenda asubuhi uone mnada, sisi watu wa pwani tutaona kama harusi.

Kuna Makumbusho ya Taifa. Mzawa kiingilio chake ni tofauti na cha mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Mle ndani utakuta habari za fuvu la Zinjanthropus, lile lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Lakini mie nawapeleka huko kwa sababu nyingine. Mkifika, kabla hamjaingia, inueni macho msome jina la mtaa. Mtaa wa Shaaban Robert. Mtoto wa Vibambani, hapa hapa kwetu, aliyezaliwa mwaka 1909. Mtu wa Tanga ametangulia kufika katikati ya jiji, kaandikwa kwenye kibao. Na nyie mnaona haya kusema mnatoka Tanga.

Kariakoo mtakwenda tu, hata nikiwakataza. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia, na mpaka leo pale ni mahali pa mizigo; usiposogea utagongwa na mkokoteni. Siku ya kwanza usinunue. Zunguka Mtaa wa Kongo, uliza bei maduka matatu, ondoka. Siku ya pili ndiyo ununue, udai risiti. Na mtu akikunong'oneza njiani ana simu nzuri kwa bei ya kutupa, mwambie asante. Nilikuwa na abiria mmoja, alipanda gari siku hiyo anang'aa, simu iko kwenye boksi, imefungwa plastiki vizuri. Tulipofika Chalinze akaifungua atuonyeshe. Kipande cha sabuni ya kufulia. Kimekatwa vizuri kwa kipimo cha simu, pembe zimesuguliwa, kikafungwa na karatasi. Gari zima kimya. Yule bwana akainusa, akairudisha kwenye boksi, akasema, "Haya, tutafua." Nilimpenda sana siku ile. Lakini alinisimulia baadaye kuwa alitaka kuifungua pale pale mbele ya muuzaji, akaona haya asije akaonekana mshamba.

Jambo la pesa yenyewe. Gawa. Nauli ya kurudi Tanga iweke mbali na hela nyingine, iwe ya mkononi au kwenye simu ya mama yako hapa nyumbani, akutumie siku ya kurudi. Mie naona ya mama ni salama zaidi, maana ukimwomba kabla ya siku atakuuliza maswali mpaka uache.

Nimeambiwa muda umekwisha. Kuna swali? Binti, simama, sema kwa sauti, mwenyekiti haumi.

Anauliza: na nikipotea kabisa, simu imezima, karatasi imelowa, sijui niko wapi?

Usitembee. Anayetembea amepotea anazidi kupotea. Tafuta mama aliyekaa anauza kitu, kaa kwenye benchi lake, nunua hata andazi moja. Mwamkie. Mwambie, "Mama, mie mgeni, natoka Tanga, nimepotea." Atakutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, atacheka, atakuuliza, "Tanga kunani?" Kisha atamwita kijana wake alete chaja.